Nirudie Nini Tena

Shoga, naandika haraka haraka, nivumilie nikikosea herufi. Nimetoka kuulizwa maswali ya viza, nimekaa hapa nje ya ubalozi.

Wiki nzima dada ananifundisha: ukiulizwa kama utarudi, sema "ndiyo, nina mume na cherehani zangu." Basi yule mama wa dirishani akauliza, "Mafunzo ya ushonaji yakiisha, utarudi?" Nikacheka kwa woga, nikasema, "Nirudie nini tena, nikishaonja theluji?"

NIRUDIE NINI TENA! Kwa mdomo wangu huu huu!

Hakucheka. Akaandika, akaandika, jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo.

"Nyumbani unaishi na nani?"
"Mume wangu na mama mkwe."
"Mama mkwe anajua unasafiri?"

Nikaapa kwamba anajua.

Akanitazama weee. Kisha paa! Akagonga muhuri.

Nimepata, shoga! Ila naogopa kurudi nyumbani, maana nilimuaga mama mkwe kwamba nakwenda kung'oa jino. Ameshapiga simu mara tatu sijapokea. Sasa hivi katuma ujumbe: "Mwanangu, usilitupe hilo jino. Njoo nalo nilione."