Kiingereza cha Kibanjani

Kayanga, Karagwe
Jumamosi mchana

Dada Nakunda mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za stoo ya mradi, karatasi iko juu ya goti, na mawingu yanakusanyika upande wa Kihanga. Ukiona tone limefuta neno ujue ni mvua, usianze kumwambia Mama kwamba nilikuwa nalia. Goti lake linaendeleaje? Na cherehani yako, fundi ameirudisha au bado anakuambia njoo kesho? Mwambie shemeji kwamba ile redio aliyonifungia ndani ya blanketi inasikika vizuri, ila betri huku ni za kutafuta kama dawa, na sukari ndiyo tumeshaisahau. Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili, maana moyo una habari zake.

Uliniuliza kwa nini barua zangu zimekuwa fupi kama za mtu anayewahi basi. Sababu ipo na ina jina. Inaitwa Speciosa.

Nilikutajia zamani kwamba katika ofisi hii ya mradi wa maji tuko makarani wawili. Mwenzangu ndiye huyo. Wazazi wake walitoka Rwanda kabla hajazaliwa, na mpaka leo baba yake hulima mashamba ya watu kule Kihanga. Nyumbani wanasema Kinyarwanda, kwa majirani anasema Kinyambo kama aliyezaliwa nacho, ofisini Kiswahili, na kwa Mama Inge, mkuu wa mradi wetu, anasema Kiingereza. Anakisema vibaya, Dada! Anakosea, anarudi nyuma, anacheka, anasonga mbele. Na Mama Inge anacheka naye. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa alama ulizozitangaza soko zima la Same, nikiitwa na Mama Inge ninaipanga sentensi kichwani, naikagua kila upande, na nikishairidhia nakuta yeye ameshahamia jambo lingine.

Basi tulipoambiwa kwamba mradi unataka makarani wanaojiweza kwa Kiingereza, tukaenda wote wawili kwa Mwalimu Projestus, mstaafu mmoja wa Bugene. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapa. Nilidhani tutakaa mezani na kitabu cha sarufi. Mzee akatupokea mlangoni, akatutazama viatu, akasema, "Vueni." Kisha akampa kila mmoja mundu.

Mwalimu Projestus hachukui ada, na hafundishii ndani. Anafundishia kibanjani, yaani kwenye migomba yake inayoizunguka nyumba. Unafanya kazi ya mgomba, na kila unachokifanya unakitamka kwa Kiingereza kwa sauti. Yeye anakaa kwenye kigoda, fimbo mkononi.

"Unafanya nini?"

"Ninakata jani kavu."

"Umefanya nini?"

"Nimekata jani kavu."

"Kesho utafanya nini?"

"Kesho nitakata jani kavu."

Yote hayo kwa Kiingereza, mfululizo, mpaka migomba imepogolewa. Wanaopita njiani kwenda mnadani husimama kutusikiliza. Siku moja mama mmoja mwenye mkungu kichwani akauliza, "Mwalimu, hawa vibarua wako wanasali rozari gani?" Na mumewe akajibu kwa niaba ya Mwalimu, "Acha wewe, hicho Kiingereza ndicho kinachopalilia. Ningekuwa na akili ningekifundisha hata mimi."

Kuna na sheria. Ukiingia kibanjani, Kiswahili kinabaki njiani, Kinyambo vilevile. Kikikuponyoka hata neno moja, Mwalimu anapiga kelele, "Kapu!" Hapo unakwenda bandani, unajaza kapu samadi ya ng'ombe, unaibeba kichwani na kuipeleka shinani mwa mgomba atakaokuonyesha. Dada, samadi ile nimeibeba mimi. Wiki ya kwanza kinyonga alinidondokea begani nikapiga yowe, "Mama yangu!" Mwalimu hakuinua hata macho. "Kapu!" Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba halikuwa neno, lilikuwa woga. "Makapu mawili!"

Speciosa alikuwa hajawahi kubeba hata moja. Hata moja! Mkono wake na mundu wamekua pamoja, hautazami, kwa hiyo ulimi wake uko huru. Anakata, anasema, anafunga majani, anasema, anamsalimu mke wa Mwalimu kwa Kiingereza na yule mama asiyejua hata neno anaitikia kwa kupiga makofi. Mimi nikiangalia mkono, ulimi unasimama. Nikiangalia ulimi, mkono unakwenda kusikotakiwa. Na kadiri tulivyoendelea, makosa yake yalianza kupungua. Ofisini nilikuwa nikisahihisha ripoti zake kabla hazijafika kwa Mama Inge, na moyoni, Mungu anisamehe, nilizipenda zile alama zangu nyekundu. Ilikuwa sehemu pekee nilipokuwa juu yake. Kila wiki wekundu ukapungua. Mwezi huu amenipa ripoti ya kijiji kizima, nimeipitia mara mbili nikitafuta, nikairudisha safi. Akaniambia, "Umechoka nini leo, hujaona kitu?" Nikamwambia nimechoka.

Sasa nikueleze la Bweranyange. Tulikwenda huko na Mama Inge kwenye mkutano wa bomba. Wazee walituletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na maganda yake na kukaushwa. Mwenye nyumba anatangulia kutafuna, kisha wageni. Speciosa akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema maneno ya Kinyambo yaliyowafanya bibi wote waseme "eeee" kwa pamoja. Halafu akageuka, akamfafanulia Mama Inge kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa pembeni naandika. Bibi mmoja akanionyesha kwa kidevu, akauliza jambo, wote wakacheka. Njiani nikamuuliza Speciosa walisema nini.

"Achana nao."

"Niambie."

"Ameuliza kama huyu mwenzangu ni bubu au amenuna tu. Nikamwambia wewe ndiye mwenye akili kati yetu, kwa hiyo huzitumii ovyo."

Ungefanya nini na mtu kama huyo? Laiti angekuwa mbaya, ningelala vizuri.

Siku iliyofuata nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa hapa hawezi kulifanya. Katika kila shina la mgomba watu wa huku huacha mitatu: mama mwenye mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu mdogo. Machipukizi mengine yote hukatwa. Binti haguswi, kwa sababu mama akishavunwa yeye ndiye anayeishika nafasi. Mimi nilikuwa nimeinama, natamka kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba ninakata chipukizi lisilotakiwa, na macho yangu yako kwa Speciosa aliyekuwa akimchekesha Mwalimu kwa kisa cha Mama Inge na jogoo. Nilikuwa nawaza, kwa nini mzee huyu hacheki nami hivyo? Nikateremsha mundu. Nikasikia mke wa Mwalimu amevuta pumzi.

Nilikuwa nimemkata binti. Na shina lenyewe lilikuwa lile la karibu na mlango, alilolipanda yule mama mwenyewe mwaka alioolewa.

Mwalimu aliinama kwenye kigoda. Fimbo yake ilichora kitu ardhini, ikakifuta. Speciosa akaja mbio, akapiga magoti pale shinani, akafukua udongo kwa vidole, akasema kwa Kiingereza, "Eliwaza, umemuua mrithi!" na meno yote nje. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akasimama, akamgeukia Mwalimu, uso umebadilika. "Tulikuwa zamu moja, Mwalimu. Ningemwangalia mwenzangu lisingetokea. Tumelikata sote wawili." Mke wa Mwalimu akanitazama, akasema kitu kwa lugha yao, Mwalimu akatikisa kichwa, akatuonyesha mjukuu. "Huyu sasa ndiye binti. Tutasubiri zaidi, basi."

Hata kosa langu, Dada, alilichukua nusu. Nilirudi nyumbani nikiwa na wivu zaidi kuliko nilipokwenda.

Basi Alhamisi, Speciosa akiwa ametumwa Bugene, Mama Inge akaniita na kufunga mlango. Unanijua. Kabla sijakaa nilikuwa nimeshafunga sanduku kichwani, nimepanda basi la Bukoba, nimepanda meli, na nimekwishashuka Same na aibu yangu. Akasema, "Kaa, Eliwaza, hakuna ubaya." Kiingereza si cha kwao pia, na anaposema taratibu ninamwelewa kila neno. Akaniambia kwamba ofisi hii inafungwa. Mradi unahamia upande wa Kyerwa, kule Nkwenda, na karani atakayekwenda ni mmoja. Mwingine mkataba wake unaishia hapa.

"Speciosa anaongea na watu," akasema. "Wewe unaandika. Kule nitahitaji mtu wa kufanya yote mawili peke yake. Najua wewe ndiye unayesahihisha kazi zake. Niambie kweli, anaweza kuandika ripoti bila wewe?"

Nikafungua kinywa.

"Usinijibu sasa," akasema. "Najua ni swali gumu. Jumatatu."

Sijui kama alielewa amenikabidhi nini. Nikisema hawezi, ninakwenda Nkwenda mimi, na wewe unabaki na mdogo wako karani wa wazungu, na Mama anabaki na la kujibu wanapomuuliza kanisani. Nikisema anaweza, ninarudi kwenu nikiwa yule aliyesoma akarudi. Na baba yake Speciosa anaendelea, au haendelei, kushika jembe la watu. Yote yako kwenye kinywa changu, ambacho siku zote kimeshindwa kutamka hata kuomba ufunguo wa stoo.

Tangu Alhamisi nimezifanyia mazoezi sentensi zote mbili. Ya kwanza nilipokuwa nachota maji, ya pili nilipokuwa napiga pasi. Nimezipitia kama nilivyopitia ripoti yake. Zote ni fupi, zote hazina kosa. Ile ya uongo ndiyo inayotoka kirahisi zaidi, nadhani kwa sababu nimeitamani kwa muda mrefu. Ijumaa jioni nilikuwa nimeshaamua kuisema hiyo. Nakuambia wewe tu.

Leo asubuhi tukaenda kibanjani kama kawaida. Nilipewa migomba ya chini, Speciosa akapewa ya pembeni yangu. Mwalimu akaanza nami.

"Unafanya nini?"

"Ninakata jani kavu."

"Umefanya nini?"

"Nimekata jani kavu."

"Jumatatu utafanya nini?"

Hakujua kitu, Dada. Alibadilisha tu siku, maana kesho ni Jumapili na Jumapili hatukati. Nami sikuwa nimepanga. Mkono ulikuwa unakata, na sijui mara ya mwisho nilikuwa nimeutazama lini. Nikasikia sauti yangu ikisema kwa Kiingereza, bila kusimama popote, "Jumatatu nitamwambia Mama Inge kwamba Speciosa anaweza kuandika ripoti bila mimi, na kwamba yeye ndiye anayefaa kwenda Nkwenda."

Mundu wa Speciosa ukanyamaza.

"Nini?" akasema. "Umesema nini wewe? Nkwenda gani? Na wewe je?"

Kwa Kiswahili. Chote, Kiswahili kitupu, katikati ya kibanja. Mwalimu Projestus akainuka kwenye kigoda chake kwa furaha ya mtu aliyesubiri miezi.

"Kapu!"

Speciosa akaenda bandani akilia, akarudi akicheka, au alianza na kucheka, sikuona vizuri. Kapu lilikuwa limejaa mpaka samadi ikammiminikia shingoni. Mwalimu akamwelekeza alipeleke kwenye lile shina la mlangoni nililolikata, akalimwaga kwa mjukuu. Mke wa Mwalimu akapiga makofi.

Nitasema hivyohivyo Jumatatu, maana nimeshasema mbele ya watu na siwezi tena kurudi. Usiniandikie kwamba nina moyo mzuri. Sina. Atakapopanda gari la Mama Inge kwenda Nkwenda nitasimama hapa kwenye ngazi nikimpungia mkono, na roho itaniuma, na usinitake niseme vinginevyo. Lakini kumwona Speciosa na samadi shingoni, Dada, nilifurahi kuliko siku zote nilizokaa Karagwe. Hilo ni langu, nitarudi nalo.

Nisalimie Mama na goti lake. Msalimie shemeji, na watoto wako wote, yule wa mwisho umbusu shavu. Baba mdogo anayegawa zamu za mfereji mwambie nimesikia ameoza jino, pole sana. Mama wa kwaya aliyenifundisha kusoma noti mwambie bado naimba, kwa sauti ya chini. Kitanda changu usimpe mtu, ila usimweleze Mama kwa nini. Nitamweleza mwenyewe, na nitamweleza kwa Kiswahili, nikae nimepumzika.

Mdogo wako anayekupenda,
Eliwaza