Tarehe ya Kuzaliwa ya Damien

Keshero, Goma, tarehe 12 mwezi wa tatu 2024

Mudogo wangu Damien,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Watoto na wajukuu hawajambo? Na lile goti? Sisi huku tungali wazima, Mungu anatulinda, ijapokuwa mabomu ya upande wa Sake yanatikisa madirisha na watu waliokimbia vita wanazidi kujaa kule kambini Mugunga.

Kama umesimama, kaa. Ni mimi yaya yako, dada yako mukubwa mwenyewe, ninakuandikia! Vidole hivi vilivyopokea watoto zaidi ya elfu katika maternité, leo vinatafuta herufi moja moja kwenye ordinateri, hii kompyuta. Parokia imepewa mashine sita za zamani, na madame Apolline, aliyekuwa sekretere wa shule, anatufundisha sisi wastaafu kila jumanne na ijumaa. Tuko watu kumi na mumoja. Muzee Zéphirin, yule karani wa tribunali, anapiga kwa kidole kimoja kama mutu anayeua siafu. Mimi niko na vidole viwili, kwa hiyo namushinda.

Kile kipanya kimenitesa wiki mbili. Kila nikitaka mushale upande juu, mimi nakiinua hewani. Apolline akasema, "Mama Léoncie, kisukume mezani, usikipeleke mbinguni." Darasa lote likacheka, na mimi nikacheka. Leo nimetafuta ile a yenye mukia, wanaita arobazi, dakika ishirini nzima. Ilikuwa pale pale kwenye sufuri, imejificha.

Damien, niko na miaka sabini, na furaha niliyo nayo ni kama ya siku ile nilipopewa diploma ya sage-femme, ya ukunga. Jibu upesi nijue kama imefika kwako ao imepotelea njiani.

Yaya yako,
Léoncie


Winnipeg, tarehe 16 mwezi wa tatu 2024

YAYA LÉONCIE,

SALAMU KWAKO NA KWA WOTE WA NYUMBANI. IMEFIKA. NIMEISOMA MARA NNE. SIJUI KWA NINI HERUFI ZANGU ZOTE ZINATOKA KUBWA, USIFIKIRI NIMEKASIRIKA. NIKO KWENYE BIBILIOTEKI YA MUTAA, NYUMBA YA VITABU, WANAKUBALI KILA MUTU SAA MOJA na sasa zimekuwa ndogo, sijagusa kitu. Mashine hizi ziko na roho mbaya.

Sisi ni wazima, theluji ingali juu ya nyumba. Goti si zuri, yaya. Ninapangusa ngazi za jengo la orofa kumi na mbili, na kila orofa inanihesabia mifupa. Wiki iliyopita nilimuambia mukubwa wa kazi, "Mimi ni muzee wa miaka sitini na sita, nipumzishe." Akafungua karatasi zangu, akanionyesha: nimezaliwa tarehe mosi Januari 1963.

Unajua namna ilivyokuwa. Tulipofika kambini Uganda nilikuwa na homa, karani akaniuliza tarehe, nikamujibu kwamba mama alisema ni wakati wa mavuno ya maharagwe. Akaangalia uso wangu, akaandika alichotaka. Hapa mutaani karibu wazee wote wa kwetu tumezaliwa tarehe mosi Januari. Kwa karatasi hiyo nitafika sitini na tano, miaka ya kupumzika kazi, mwaka 2028. Goti halitafika 2028.

Ofisi ya serikali inasema itabadilisha nikileta kitu kilichoandikwa zamani: cheti cha kuzaliwa ao cha ubatizo. Mimi nitakitoa wapi? Sikuandikii kwa kulalamika, nimefurahi tu kukusikia.

Mudogo yako,
Damien


Keshero, Goma, tarehe 19 mwezi wa tatu 2024

Mudogo wangu,

Amani kwako na kwa nyumba yako. Umeamkaje? Mimi sikuamka, kwa sababu sikulala, kichwa kilikuwa kinapiga hesabu ya barua yako.

Sikiliza. Vitabu vya ubatizo vya parokia yetu ya Kabingo viliungua pamoja na kanisa, vita ya tisini na sita. Hiyo tunaijua. Lakini unamukumbuka padri Evariste, aliyetufundisha katekisimu? Nilikuwa nafua mapazia ya sakristia yake, na kila mwisho wa mwaka nilimuona ameinama, ananakili majina yote kwenye kitabu cha pili. Nikamuuliza cha nini. Akasema, "Hiki kinakwenda Ulaya, kwa wakubwa wetu." Kitabu cha pili, Damien! Hakikuungua!

Leo darasani nimeandika jina la shirika lao pale pa kutafutia. Bila hata kupepesa macho, mashine imeniletea nyumba ya mapadri wazee, na picha ya mulango wao, na maua mbele ya mulango. Nikapiga kelele. Apolline alifikiri nimepigwa na umeme. Mimi, hapa Keshero, nimeona mulango wa padri Evariste!

Nimewaandikia kwa kifaransa. Muzee Zéphirin amesahihisha verbu, tumegombana juu ya moja, yeye ndiye aliyekuwa na haki. Kisha nikabonyeza "Envoyer", yaani tuma, na macho nimeyafumba.

Vumilia kidogo.

Yaya yako,
Léoncie


Mapendo, Goma, tarehe 14 mwezi wa tano 2024

Damien mupenzi,

Salamu. Natumaini goti limepata nafuu na baridi imepungua.

Nimekaa kimya kwa sababu sale yetu, ukumbi wa parokia, sasa wanalala mumo familia za watu waliokimbia kutoka Masisi, na mashine ziko zimefungwa katika sakristia. Ni haki yao, mutu ni mbele ya mashine. Nimewapikia uji, na mumoja wa wamama nilimuzalisha mimi mwenyewe, sasa naye ni bibi.

Ninakuandikia kutoka kwa mutu mumoja wa Mapendo anayekodisha ordinateri. Herufi ya "e" imeng'oka, nabonyeza kishimo chake na ncha ya kalamu. Mapadri hawajajibu hata neno. Nafungua boite yangu ya barua kila nikifika hapa, naona barua yako ya tarehe kumi na sita tu, imekaa peke yake. Nimewaandikia tena leo. Usivunjike moyo.

Yaya yako,
Léoncie


Winnipeg, tarehe 3 mwezi wa sita 2024

Yaya Léoncie,

Salamu, na poleni na mahangaiko ya huko.

Ninakuomba uache. Padri Evariste angekuwa na zaidi ya miaka tisini, lazima amekwisha kufa, na wale waliobaki hawawezi kutafuta jina la mutoto wa mulimaji wa Kabingo. Jana nilianguka kwenye ngazi ya orofa ya saba, ndoo ikatangulia mbele yangu. Si kitu kikubwa. Lakini nilipokaa pale chini katika maji, nilisikia haya kwa kuwa nimekupa kazi ya bure, wewe uliye na watu wa kulisha.

Nimekubali 2028. Tuandikiane mambo mengine.

Damien


Keshero, Goma, tarehe 20 mwezi wa nane 2024

DAMIEN! DAMIEN!

(Herufi kubwa ni za kusudi. Mimi najua kuzizima.)

Salamu baadaye! Nisamehe na Mungu anisamehe. Leo masomo yameanza tena, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Apolline akasema: "Wazee wangu, leo tunajifunza kitu kimoja. Kuna pahali ordinateri inatupa barua inazodhani ni za wajinga na wezi. Panaitwa 'Indésirables'. Kila mutu afungue pake."

Nikafungua. Kulikuwa na mutu anayeniuzia dawa ya nywele. Kulikuwa na mwanaume asiyenijua anayesema ananipenda. Na katikati yao, barua tatu za padri Evariste!

Tatu! Ya kwanza ameiandika siku nne tu baada ya ile yangu! Ya pili anauliza kama nimepata ya kwanza. Ya tatu anasema: "Léoncie, kama umekufa nitakuombea, lakini kama uko muzima, tafadhali jibu, mimi niko na miaka tisini na mumoja na sina wakati wa kupoteza." Alikuwa anangoja, Damien, tangu mwezi wa tatu, nami nilikuwa namusema vibaya kwa Mungu kila jioni.

Nilisimama juu ya kiti. Zéphirin akanishika robe, gauni langu, nisianguke. Nikaonyesha kidole ile mashine nikaiambia, "Wewe! Nani amekupa ruhusa ya kuhukumu barua zangu?" Watu walilia kwa kucheka.

Amepata kitabu. Amepiga picha ya ukurasa wako, na cheti chenye muhuri amekituma wiki iliyopita tu kwa njia ya posta mpaka kwako, kwa sababu katika barua yangu nilikuwa nimeweka anwani yako. Sikuambii kilichoandikwa. Nimekufungia picha humu ndani. Ifungue mwenyewe.

Yaya yako anayeruka kama mubuzi,
Léoncie


Winnipeg, tarehe 20 mwezi wa nane 2024

Yaya, salamu. Sioni picha. Hakuna kitu.

Damien


Goma, tarehe 20 mwezi wa nane 2024

Mudogo, nimeituma! Angalia chini kabisa! Natuma tena, hii hapa.

Léoncie


Winnipeg, tarehe 20 mwezi wa nane 2024

Nimeangalia chini, nimeangalia juu. Hakuna. Yaya, nimebakiwa na dakika kumi na moja, kisha wananifukuza kwenye mashine.

Damien


Goma, tarehe 20 mwezi wa nane 2024

Apolline anasema nimeandika "hii hapa" lakini sikubonyeza kile kipini cha kufungia picha. Kumbe kuandika peke yake haitoshi. Nimebonyeza. Sasa. Na kama haiko, nitapanda ndege niilete mwenyewe!

Léoncie


Winnipeg, tarehe 22 mwezi wa nane 2024

Yaya wangu,

Salamu zenye machozi. Sikuweza kujibu siku ile. Ilifunguka zikibaki dakika nne.

Nilianza kuisoma kimya, kisha kwa sauti, na mama wa mapokezi akaja kuniuliza kama ninaugua. Nikamuonyesha. "Damien, mwana wa Sebahire na Nishimwe, amezaliwa jumamosi tarehe 8 mwezi wa sita 1957, amebatizwa tarehe 30 mwezi huohuo." Nikamuambia, "Huyo ni mimi. Niko na miaka sitini na saba, na siku yangu iko." Yule mama akaniongezea nusu saa bila kuandika jina langu popote.

Ndipo nikaona kando ya ukurasa yale maandishi madogo ya padri wa wakati ule. Wewe unajua kifaransa kunishinda, lakini nimeelewa yote. Kwamba mama alitoka mbali tangu alfajiri, kwa miguu, chini ya mvula. Kwamba mutoto alikuwa mugongoni, mukavu kabisa, na mama mwenyewe amelowa mpaka kwenye mifupa. Na kwamba kulikuwa na musichana wa miaka mitatu, aliyeshika mukono wa mutoto na kukataa kuuachia, hata walipomumwagia mutoto maji kichwani, "basi tukawabatiza kama tulivyoweza".

Yaya, wewe ulikuwa umekwisha kubatizwa na ukapata maji mara ya pili kwa sababu yangu.

Mama hakutuambia kamwe safari hiyo. Nimekuwa nikisema miaka hii yote kwamba mimi ni mutu asiyekuwa na siku. Kumbe kuna mutu alikaa, akachovya kalamu, akaandika hata mvula.

Sijui ofisi itasema nini. Lakini mimi nimekwisha kujibiwa.

Mudogo yako,
Damien


Keshero, Goma, tarehe 27 mwezi wa nane 2024

Damien wangu,

Habari za siku hizi? Sisi hatujambo.

Barua yako nimeiprinti. Nimeiweka katika Biblia pamoja na ule ukurasa. Nimeusoma darasani, na muzee Zéphirin, ambaye miaka arobaini aliandika hukumu za watu bila kupepesa, alitoa kitambaa akajifuta macho akasingizia vumbi. Sikumbuki kitu cha siku ile, hata mvula. Nimejaribu kukumbuka mukono wako na sikuweza. Lakini nasadiki, kwa sababu hata leo nikikuwazia ni mukono wako ninaouona kwanza, siyo uso.

Padri Evariste nimemujibu. Sasa tunaandikiana kila ijumaa. Ananiuliza mambo ya Kabingo, nani aliolewa na nani, na ananisahihisha kifaransa kwa wino wa rangi nyekundu. Nataka kujua anaufanyaje huo wino mwekundu, Apolline amesema atanionyesha wiki ijayo.

Cheti kikifika, kipeleke ofisini. Usiogope.

Yaya yako,
Léoncie


Winnipeg, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2024

Yaya Léoncie,

Salamu kwako, kwa madame Apolline, kwa muzee Zéphirin na darasa lote. Mimi ni muzima, muzima kabisa.

Wamekubali! Cheti chenye muhuri kilifika, ofisi ikakiangalia miezi miwili, ikauliza maswali, na jumanne wameniita. Bibi mumoja amebonyeza ordinateri yake mbele yangu, nikaona kwa macho yangu 1963 inafutika. Namba nne tu, yaya, kwa kidole kimoja kama Zéphirin. Akasema, "Bwana Nsengimana, ungekuwa umepumzika tangu miaka miwili."

Jana nimerudisha ufunguo wa chumba cha mifagio. Wenzangu wamenipikia keki na kuandika juu yake 67. Majirani wamekwisha kunishika, wazee watano wa tarehe mosi Januari wananipa majina ya parokia zao. Nimewaambia kwanza nimuulize yaya.

Na neno la mwisho. Miaka kumi na saba, tangu nifike huku, nilikuwa naapa kwamba nitakuja nikipumzika. Nimepumzika. Nitashuka Kigali jumamosi tarehe 7 mwezi ujao, na jumapili asubuhi nitakuwa kwenye grande barrière, pale mupakani. Watoto wanasema nisubiri mpaka kutulie. Nimewauliza kama wanajua siku yenyewe.

Mudogo yako,
Damien


Gisenyi, tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 2024

Yaya, salamu. Nimeazima simu ya mutu, herufi ni ndogo kama chawa. Niko kwenye foleni. Mbele yangu kuna watu kama ishirini. Ninaona paa za Goma.

Damien


Keshero, Goma, tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 2024

Mudogo,

Sikuulizi habari, utanipa mwenyewe.

Nimeona barua yako. Apolline amenifungulia chumba kabla ya misa, na wote wako hapa wamevaa vizuri, wanataka twende pamoja mupakani. Nimewaambia watembee nyuma yangu.

Usijibu barua hii, hakuna atakayesoma jibu. Nazima mashine. Nywele zangu zimekuwa nyeupe zote, nimevaa robe ya kijani. Ukitoka tu, piga kelele jina langu.

Yaya yako