Kikombe Chako Kando ya Ua

Mpendwa Mama Kananu,

Ua lako linakufa, na ni mimi ninayeliua. Nimeanza na hilo kwa sababu pumzi yangu ni fupi siku hizi, na daktari ameacha kuniambia nirudi lini.

Ni lile la majani mapana yenye madoa meupe, ulilolipanda kwenye sufuria ya harusi yetu ilipotoboka. Ulikataa kuitupa. Ukasema tundu lile ndilo ua linalolitaka. Miaka yote limekaa ndani, dirishani, mahali ambapo baridi ya hapa Kibirichia hailifikii, nawe hukulimwagilia maji kabla ya kuchovya kidole kwenye udongo, kama mtu anayeonja mchuzi.

Unakumbuka siku niliyomwaga humo chai iliyobaki kikombeni mwangu? Ulitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mwalimu! Hilo ni ua, si ndama. Siku likilia maziwa, nitakuita." Tulicheka mpaka ukaketi.

Asubuhi ya kwanza baada ya kukuzika, mikono yangu ilimimina vikombe viwili. Sikujua mpaka nilipoviona mezani. Chako nilikuwa nimekitia sukari vijiko viwili, vile ulivyopenda. Kikapoa. Kukimwaga kwenye sinki ilikuwa kama kukufukuza nyumbani, basi nikakimwaga polepole kwenye ua lako. Kesho yake nikafanya vivyo hivyo. Ikawa ndiyo desturi yangu ya kila asubuhi.

Na mimi ndiye yule mzee wa kanisa. Unakumbuka tulipomtembelea kaka yangu kule Muthara, naye kabla ya kunywa akamwaga pombe ya asali kidogo mlangoni kwa ajili ya baba yetu? Nilimkemea mbele ya watoto wake. "Wafu hawanywi!" Akanijibu bila hasira, "Mwalimu, mwache mzee apate tone lake." Wewe ulingoja hadi tulipofika kwetu. "Tone moja lingekupunguzia nini?" ukauliza. Sasa kaka naye yuko huko uliko. Ukimwona, mwambie nimekiri.

Sufuria imejaa vijidudu vyeusi vinavyoruka, vidogo kuliko mbu. Nikigusa jani tu, vinainuka kama moshi. Vinaingia puani, kwenye uji, kwenye kurasa za Biblia nikisoma. Nilichimbua udongo kwa kijiko, nikaona funza weupe, wembamba kama nyuzi, na harufu ya maziwa yaliyooza ikanipanda. Nimetandaza majivu. Nimetandaza mchanga. Nimefungua madirisha hadi nikakohoa usiku kucha. Nimefika mahali pa kumwomba Mungu kwa ajili ya sufuria, Mama Kananu, na bado vinaruka.

Jumamosi Kananu anakuja kunichukua nikaishi kwake Embu. Kwa ukali, binti yetu ni wewe mtupu. "Baba, hiyo maua siibebi kama bado iko na wadudu," aliniambia kwa simu. "Niko na mtoto mchanga kwa nyumba. Kwani wewe huimwagia nini?"

"Maji," nikasema.

Uzee huu wote, na bado nikamdanganya mtoto. Nyumba hii ikifungwa bila moto jikoni, baridi italimaliza ua upesi, nami sina nguvu ya kulibeba hata hadi mlangoni. Nikilikosa hilo, sijui nitakaa Embu na nani.

Kananu alisema niache udongo ukauke kabisa, nisilimwagie chochote. Kwake hilo ni jambo rahisi. Tangu Jumatatu nimejizuia. Asubuhi naizunguka meza na kikombe chako mkononi, sijui nikipeleke wapi. Jana nilikinywa mimi. Sukari ilikuwa nyingi mno, nikalia kama mtoto. Kisha nikachovya kidole kama ulivyokuwa ukifanya. Juu pamekauka, lakini chini bado ni tope, na majani mawili zaidi yamegeuka manjano.

Alisema pia nitie siki na tone la sabuni ya vyombo kwenye kikombe, nikiache kando ya ua, ili vijidudu vizame humo. Nilifungua kabati kutafuta kikombe chochote, na mkono wangu ukachukua chako, kile cha buluu. Asubuhi hii nimekuta vingi vimezama. Vingi zaidi vilikuwa bado vinaruka juu yake. Zimebaki siku chache, na sijui kipi kitaisha kwanza, vijidudu, au ua, au mimi.

Niombee, kama huko mnaombea watu. Nami, niliyefundisha maisha yangu yote kwamba wafu hawanywi, nina neno moja la mwisho kwako. Ukipita kulitazama ua lako, kikombe chako kiko pale pale dirishani. Tafadhali usikinywe. Kina sabuni.

Ni mimi, mume wako,
Baba Kananu