Toleo la Kwanza, Chapa Sijui

Jumatatu, 5 Machi 1956
Gundi imeniganda vidoleni. Nimejalidi kitabu changu cha hadithi za Pangani kwa ngozi nyekundu, kama misahafu inavyovalishwa hapa Usagara, Tanga. Karatasi za mwanzo zilikuwa zimelegea, hazina hadithi, maandishi madogo tu. Nimezitumia kuwashia jiko. Kitabu kimependeza mno.

Jumatano, 7 Machi
Nimeaibika. Maalim Sefu, mwalimu mstaafu wa Pangani, yuko mjini. Ana kabati zima la vitabu na hamwazimi mtu. Anatafuta toleo la kwanza la kitabu hichohicho. Atakayempa atashika ufunguo wa kabati, asome atakacho. Nikakimbia kukileta. Akatafuta ule ukurasa wenye toleo na chapa. Nikamwambia nimeuchoma.
"Umemvalisha kanzu mpya, mwanangu, cheti chake ukakitia jikoni."
Baraza zima kicheko. Kanipa mpaka Jumapili nithibitishe ni toleo gani, kisha anarudi kwao.

Alhamisi, 8 Machi
Nimeazima nakala ya shangazi Mwanahawa. Imeandikwa toleo la pili, chapa ya tatu. Mbona yote mawili? Mimi nilidhani kitu kimoja. Hasira.

Ijumaa, 9 Machi
Nimepata! Nakala ya jirani imeandikwa toleo la pili, chapa ya kwanza. Nimezilinganisha mkekani, neno kwa neno: ya jirani na ya shangazi ni sawa. Basi chapa ni mtambo kuzungushwa tena, maneno yaleyale. Toleo ni maneno kubadilishwa. Na zao zina hadithi ya kivuko. Yangu haina, basi ni toleo la kwanza! Shangazi kaniuliza nasoma ama nachambua mchele.

Jumamosi, 10 Machi
Athumani rafiki yangu ananiambia nimwambie Maalim ni chapa ya kwanza, nani atajua? Kweli, nani? Nalitaka lile kabati.

Jumapili, 11 Machi
Nimemwamkia shikamoo.
"Toleo la kwanza, Maalim. Chapa ya ngapi sijui. Ukurasa wake nimeuchoma mwenyewe."
Akauliza nimejuaje toleo. Nikamwonyesha palipokosekana hadithi ya kivuko. Akasoma, akarudia kusoma. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akanipa ufunguo. Sharti moja: gundi yangu ibaki Tanga.

Jumamosi, 17 Machi
Pangani. Mvua. Maalim kasinzia kitini. Kabati liko wazi, linanukia karafuu. Rafu ya juu siifikii, nitaomba kigoda akiamka. Sina haraka.