Kicheko Katikati ya Mashuka

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Goti lako linasemaje? Na shemeji, bado anakohoa kama trekta inayokataa kuwaka? Mwambie namsalimu na aache kujifanya kijana. Watoto na wajukuu nawabusu mmoja mmoja, hata yule mnene anayelia akiniona. Sisi huku wazima. Mimi mwenyewe, ukiacha macho na meno na mgongo, sina ninacholalamikia.

Kama ujuavyo, mimi na kalamu hatukuwahi kujuana. Mwaka ulipopatikana upenyo wa mtoto mmoja kwenda shule ulikwenda wewe, mimi nikabaki na ndoo. Kwa hiyo anayeandika hapa ni mjukuu wako, binti wa mwanangu mkubwa, huyu ninayekaa naye. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, asinitie sukari. Angeweza kukupigia simu, lakini simu huwa unaikata ukikasirika. Barua hutaichana kabla ya kujua ina nini. Nakujua.

Sasa sikiliza. Huyu mtoto, akitoka kwenye duka la dawa anakofanya kazi, ana kitu anakiita blogu. Mimi nilidhani ni ugonjwa. Kumbe ni kama daftari, ila halifungwi, na kila mwenye simu anaruhusiwa kuchungulia. Humo anaandika habari za sinema za zamani, zile ambazo waliozicheza wengi wao wameshazikwa. Ana wenzake sita wenye madaftari kama hilo. Mimi nawajua watatu tu vizuri: mmoja nesi, mmoja fundi wa friji ambaye hulia sinema ikianza na sinema ikiisha, na dada mmoja namwita Miwani, mwenye ulimi kama wembe na wasomaji wengi kuliko wote.

Mwaka huu wakaamua kumsherehekea Bwana Subiri. Najua hapo umeshtuka. Ndiye yeye, yule mwongozaji wetu wa kofia, aliyekuwa anasimamisha watu sitini juani akisema subiri, wingu lipite, subiri, jua lirudi. Marehemu sasa, na vijana hawa wanamtaja kwa sauti ya chini kama mtume. Wana desturi yao. Filamu zake zote wanaziandika kwenye vikaratasi, wanakunja, wanatia ndani ya sufuria, kila mtu anachomoa moja. Uliyochomoa ndiyo utakayoiandikia, na siku moja, saa moja, wote wanafungua madaftari yao pamoja. Sufuria ilikuwa yangu. Na mjukuu wako akatia mkono akatoka na ile ya mlinzi anayemtafuta mkewe.

Yaani yetu. Wewe ungesema yangu, lakini barua hii ni ya kwangu, nasema yetu.

Hawakujua lolote. Katika nyumba hii habari ile sikuwahi kuisimulia, na ulipokuwa ukija ukitaka kuianza, nilikuwa nakumbuka ghafla kwamba nina maji jikoni. Basi Jumamosi mchana wakaja, wakafunga mapazia, wakatundika shuka langu jeupe ukutani, wakawasha kimashine chao. Nikakaa nyuma na bakuli la bisi. Mlinzi akatembea, akatembea, mtu mwenye miguu mirefu na bahati fupi. Kisha akaingia ule uwanja wa nyuma wa kiwanda cha kufulia nguo, kamba baada ya kamba, mashuka ya hospitali yanapepea. Nikajua ni wewe unayefuata.

Ukatoa uso katikati ya mashuka mawili. Ukamtazama. Ukacheka. Ukarudi ndani. Pumzi nne, nimezihesabu. Na vijana saba wakapiga makofi, fundi wa friji akatafuta leso, na Miwani akasema hicho ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kupita mbele ya kamera. Wakairudisha. Ukacheka tena. Wakairudisha tena. Mdogo wangu, ulicheka mara tisa sebuleni kwangu, na meno yako yote mahali pake, mimi nimekaa na bisi zisizotafunika.

Nilikukumbuka ulivyochaguliwa. Bwana Subiri alitupanga foleni, sisi wafuaji kumi na mbili, mikono imekunjamana kwa maji. Alinipita mimi kama mtu anavyopita nguzo. Akasimama kwako. Mimi nikapewa kazi ya kushika shuka kwa nyuma lisipeperuke. Wewe mwanga, mimi upepo.

Nesi akauliza kama yule mwanamke yu hai. Fundi wa friji akasema amemtafuta miaka mitatu na jina lake halimo popote, mwishoni wameandika hadi jina la dereva lakini la mfuaji hakuna. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe, wallahi sikuutuma. Nikasema ni mimi.

Hapa kalamu imesimama. Mjukuu wako ananitazama kana kwamba nimevua nguo. Nimemwambia aendelee. Sikumwambia mapema kwa kuwa nilitaka nione haya mara moja tu, nyinyi wawili pamoja. Kwa umri huu siwezi kuona haya kwa awamu.

Naendelea. Waliniamini. Miwani tu ndiye alisogea akanikagua pua kama anayechagua tikiti maji, akasema ya kwenye sinema ni nyembamba zaidi. Nikamwambia pua hukua, asubiri, na yake itafika. Wakacheka. Wakanipiga picha. Nesi akanishika mikono yote miwili akasema uso wangu ulimfariji mwaka aliofiwa na mama yake. Nikasema asante mwanangu. Nilikula sifa zako, mdogo wangu, nikaramba na vidole.

Kisha wakaniuliza lile wanalobishania miaka yote: nilikuwa nacheka nini? Mmoja alishaandika kwamba yule mwanamke anacheka kifo. Mwingine kwamba anacheka matajiri. Kurasa na kurasa. Nikashindwa kujizuia, nikawaambia kweli. Unakumbuka. Bwana Subiri alitaka uso wa huzuni, umtazame mlinzi kama mtu anayetazama kaburi. Akapiga magoti kando ya kamera, ametupa mgongo, anangoja wingu lipite, na suruali yake ikapasuka matakoni, naye hana habari. Na sauti kutoka nyuma ya shuka ikanong'ona kwamba mkubwa anasubiri jua na kumbe mwezi wake umeshachomoza. Ndipo kicheko kikatoka, kamera inazunguka.

Fundi wa friji alipaliwa na bisi, ikabidi nesi ampige mgongoni. Walipotulia wakauliza ni nani aliyenong'ona. Sasa ningesema nini, nami nimeshajipa uso? Nikasema ni mdogo wangu. Nilikupa nyuma ya shuka kama mtu anavyompa mgeni kiti kibovu.

Ndipo mambo yakageuka. Miwani akasimama, akasema basi miaka yote wamekuwa wakimsifu asiye mwenyewe. Uso ulicheka kwa sababu ulichekeshwa. Aliyeiokoa filamu ile na huzuni za bure ni yule wa nyuma, ndiye mwongozaji wa pili. Wakairudisha, safari hii wakaisimamisha wakaikuza. Kwenye upindo wa shuka vikaonekana vidole vinne. Mimi sikuwahi kujua kwamba vimo. Nesi akaenda ukutani akavigusa kwa upole kama anapima homa. Saba wale wote wanavitazama vidole vyangu, na mimi niko nyuma yao nimevikalia.

Nimekuonea kijicho kwa mengi: nywele, shule, mume, hata jinsi unavyolala bila kukoroma. Lakini siku ile nilimwonea kijicho mtu ambaye ni mimi. Hakuna aliyenigeukia tena. Chai yangu ikapoa. Wakakubaliana kila daftari lifunguke kwa ukurasa wa mwanamke wa nyuma ya shuka, jina lake likiwa juu, na siku hiyo aalikwe akae kiti cha mbele. Jioni ile ile mjukuu wako akaleta karatasi, akasema tumwandikie bibi mdogo mwaliko. Mwaliko wenyewe ndio huu unaousoma. Nimeupindisha.

Ameniuliza sasa hivi kwa nini sikusema kweli tangu mwanzo, maana kweli ingenipa mimi sifa zote. Mwone, ana akili kama babu yake. Nimemjibu kwamba kweli sikujua kuwa ina thamani. Miaka yote nilidhani kilichopo pale ni uso wako tu.

Lakini mdogo wangu, haya yote bado ni povu. Uchafu uko chini ya maji, na kalamu hii ikisimama nitaisukuma mwenyewe.

Kwanza, ule mzaha haukuwa mzaha. Nilitaka ucheke uharibu, Bwana Subiri akufukuze, achague mwingine. Nilijua huwezi kuzuia kicheko, tangu utotoni ulikuwa ukicheka hata misibani. Alipopiga kelele kukata, moyo wangu ukacheza ngoma. Kisha akasema hicho hicho, kinabaki. Nikashika shuka langu.

Pili ndiyo hii. Kabla hata mwaka haujageuka alikuja mtu na pikipiki kwenye mlango wa nyuma wa kiwanda. Ana karatasi. Akaniona siwezi kuisoma, akanisomea. Bwana Subiri anamtaka binti wa kicheko kwa filamu yake inayofuata, ile ya fundi saa. Si kutoa uso na kurudi. Awe mke wa fundi saa, tangu mwanzo hadi mwisho. Akauliza uko wapi. Nikamwambia umeolewa, umehamia mbali, na mumeo hataki kusikia habari za kamera. Wewe ulikuwa ng'ambo ya ukuta, unakamua mashuka, unaimba. Nilimwomba Mungu usipandishe sauti. Akaondoka. Karatasi nikaitia kwenye tanuri la maji ya moto.

Ilipotoka filamu ya fundi saa nilikupeleka mimi, tiketi nikakata mimi. Ulimtazama yule mwanamke mwingine tangu mwanzo hadi mwisho, hukusogea. Tukiwa njiani kurudi ukasema, labda sikucheka vizuri. Na mimi nikajibu, labda.

Neno lile moja tu. Ningeweza kukwambia siku ile, ilikuwa bado mapema, mtu wa pikipiki angepatikana. Umezaa, umelea, umezeeka, na kila sinema ikitajwa unasema wewe huna nyota. Nakusikia, nachambua mboga. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi wafuaji tulipaswa kulijua hilo kuliko wote. Nyota ulikuwa nayo. Niliizima mimi, dada yako, niliyekubeba mgongoni hadi ukajifunza kukimbia.

Mjukuu wako analia. Amelowesha karatasi, usidhani ni mimi. Mimi nitalia nikimaliza, sasa nina kazi.

Jumamosi ijayo wale sita wanakuja tena. Nitawaambia kwa mdomo huu huu uliodanganya. Uso ni wako, jina lako litaandikwa kamili, la baba na la babu. Miwani atafurahi, pua ilimwambia mapema. Kuhusu karatasi niliyoichoma, nimemkataza mjukuu asiandike herufi hadi utakapojibu. Hilo ni lako. Nimeshakuamulia maisha mara moja, inatosha. Ukitaka ulimwengu ujue, mjukuu ataandika. Ukitaka life nawe, life.

Msamaha sikuombi kwa barua, ni adabu mbaya kuomba kitu kikubwa namna hiyo ukiwa mbali. Njoo. Ukitaka kunitukana, nitukane hapa, nitakaa kimya hadi uishiwe, kisha nitakupa maji unywe uendelee. Chumba cha dirishani nimekifagia. Usipotaka kuja, niandikie hata mstari mmoja. Nimemwapisha mjukuu anisomee ulivyo, hata ukiwa na miiba.

Msalimie shemeji, mwambie dawa ya kifua itakuja na barua hii, anywe yote asimwage kwenye maua. Wasalimie watoto, wasalimie majirani wanaonikumbuka kwa wema, na wasionikumbuka kwa wema waambie wako sahihi.

Na ukija, nakuomba moja. Lile gauni lako la kijani liache nyumbani. Ukiingia nalo kwa hawa vijana, nani atanitazama mimi?

Nakupenda hata pale nilipokuonea.

Ni mimi,
Dada yako