Gitaa la chuma la babu Loishiye

Namnyaki, bibi ameharibu sherehe. Nimejificha jikoni nakuandikia.

Unalijua lile gitaa la chuma la babu Loishiye, linalong'aa ukutani kama sufuria jipya. Alilinunua dukani kwa Dinesh pale Arusha mjini, enzi za Mwingereza. Akajifunza mwenyewe, anatelezesha kisu juu ya nyuzi mpaka likalia.

Basi kila alfajiri mama yake bibi alimwita aje apige zizini. Babu anatoka Makumira kwa miguu, kavaa koti na tai. Zizini, Namnyaki. Na tai. Akaamini wakwe wamependa muziki, ndiyo maana wakampa mke. Miaka yote anatusimulia hivyo.

Leo bibi kasema mbele ya wageni: "Muziki gani? Ng'ombe wetu alifiwa na ndama, akagoma kukamuliwa. Gitaa lako lilipolia kama ndama, akashusha maziwa. Wakakuozesha mimi ili usiache kuja."

Ng'ombe. Babu kaozeshwa kwa ajili ya ng'ombe.

Babu akainuka, akalishusha gitaa, akalifuta kwa koti lake taratibu.

"Kumbe ukoo mzima," akasema, "mwenye sikio alikuwa yule ng'ombe tu."

Sasa anapiga. Ametugeuzia sote mgongo, uso ameuelekeza zizini.