Pointi Tisa za Kemia ya Maji

Prof,

Ninawaandikia nikiwa na hasira, na ninajua si adabu kumkasirikia mtu aliye kaburini. Lakini ninyi wenyewe mulinifundisha niandike kwanza kitu kama kilivyo, maneno mazuri yatafutwe baadaye. Basi kitu ni hiki: mulikufa mukiwa mumeshika diploma yangu.

Nilisubiri matanga yaishe ndipo nikaenda kwa apariteri, yule tata, mzee anayetunza dosye, faili zetu za chuo. Kwenye ukuta wake kuna karatasi inayosema mtu anapataje lisansi, ile digrii yetu: kozi zote zipite, stage ya kazini ifanywe na ripoti isainiwe, memware, andiko la utafiti, itetewe mbele ya jiri ya maprofesa. Niliisoma nikijihesabu moyoni. Stage nilimaliza. Memware ilibaki sura moja. Kozi nilidhani ziko zote. Tata akafungua dosye yangu, akashusha kidole polepole, kikasimama.

“Hapa iko shimo, mama.”

Kemia ya maji, mwaka wa pili. Kozi yenu. Mahali pa pointi, alama zangu, hapakuwa na kitu.

“Mi siwezi kuandika pointi zenye sione. Prof mwenyewe alete.”

Nikamwambia Prof amekufa, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye maziko, nilimwona amesimama nyuma ya maua.

“Nilikuwa,” akasema, akinionyesha ile karatasi ya sheria ukutani. “Lakini reglema haina habari.”

Nilizunguka, Prof. Fakilte ikanituma kwa dwaye, mkuu wake, dwaye akanituma kwa sekretere wa idara, sekretere akanirudisha kwa apariteri. Kila mlango ulitaka barua ya mlango mwingine. Mama mmoja aliniomba nilete maelezo yenye saini yenu, kwa nini hamukupeleka pointi kwa wakati. Akajisikia mwenyewe, akainamisha kichwa.

Na hapo nilianza kuwakasirikia ninyi. Maana sote tulijua desturi yenu. Wenzenu walibandika pointi baada ya wiki mbili, ninyi mulizunguka na ile rejista ya kijani kwapani, na tukiuliza mulijibu, “Bado nasoma, batoto.” Tulikuwa tunacheka. Sasa sicheki.

Ikabidi niende nyumbani kwenu. Mama Ngalula, mke wenu, alikuwa hajafungua chumba chenu cha kazi tangu maziko. Alinipokea vizuri, “Moyo, mwana,” salamu ya kwao, kama siku zote, lakini funguo alizitafuta muda mrefu sana kwa mtu anayejua zilipo. Ndani ya kabati tulikuta kwanza zile chupa za maji tuliyochota mtoni Nzilo. Munakumbuka siku ile? Muliniingiza mtoni mpaka magotini na viatu vyangu vipya, eti maji ya kando yanadanganya. Majina juu ya chupa muliandika ninyi, kwa sababu maandishi yangu mulisema ni ya daktari.

“Nilitaka kuyamwanga,” Mama akaniambia, “nikaogopa. Sijue ni ya kazi gani.”

Nikamwambia hayana kazi tena, anaweza kuyamwaga. Akazirudisha chupa mahali pake, moja moja.

Rejista ilikuwa chini ya chupa zile. Nikapata mwaka wa pili, nikapata jina langu. Tisa. Tisa juu ya ishirini, na kupita ni kumi. Pembeni, kwa penseli, mulikuwa mumeandika: “Anaweza. Maabara hakufanya yeye. Nitamungoja.”

Nilikaa kwenye kiti chenu, Prof, bila kuombwa.

Ni kweli. Ripoti ile ya maabara niliikopi kwa rafiki yangu. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na msiba. Nilikuwa nimechoka tu, na nilidhani hamukuona. Kumbe muliona. Halafu mukakubali kuongoza memware yangu, mukanipitisha visima vyote kuanzia upande wa Kingamyambo mpaka mjini, hata vile ambavyo wachimbaji wa madini wanaoshea mawe yao karibu navyo, mukanirudisha kila mahali mara mbili, mara tatu. Nilidhani munanitesa. Na muda wote ule hamukusema hata neno moja. Mulikuwa munangoja nini? Nije kutubu? Mungeniambia siku ile ile ningelia, ningewachukia wiki nzima, ningerudia maabara, yakaisha. Badala yake mukaniachia fumbo ndani ya kabati, mukaenda.

Mama Ngalula alisoma juu ya bega langu. Akaenda, akarudi na kalamu, akaiweka juu ya meza.

“Alikuwa anakupenda. Andika yenye inafaa.”

Siwafichi, kalamu niliishika. Kijiti kimoja tu mbele ya tisa, ingekuwa kumi na tisa. Na ndicho kilichonishinda. Kumi na tisa, kutoka kwenu, ambao hamukuwahi kumpa mtu hata kumi na sita. Chuo kizima kingejua kabla ya saa sita mchana. Nikaiweka kalamu chini. Sisemi ilikuwa wema. Nilikuwa na aibu mbele ya ile penseli yenu.

Nilimpelekea apariteri rejista kama ilivyo. Akaandika tisa yake bila kunitazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka.

“Voilà. Sasa uko na ratrapaji, haki ya kurudia.”

Nilifanya maabara upya mbele ya asistanti wa kozi, kijana mmoja. Umeme ukakatika katikati. Tukasogeza vyombo dirishani, nikahesabu matone kwa mwanga wa jua. Nikapata kumi na tatu. Kumi na tatu zangu mwenyewe.

Na memware nimeitetea, Prof. Jiri waliniuliza kwa nini kisima kimoja kinatofautiana na jirani yake. Niliwajibu bila kufungua karatasi, kwa sababu kamba ya kisima kile niliivuta mwenyewe, na nilirudishwa pale mara tatu. Wakanipitisha. Mama Ngalula alikuwa amekaa safu ya mbele na kitambaa chake cha msiba. Alipiga makofi kabla ya wakati, hakuna aliyemkataza.

Sasa wameniomba nisimamie maabara ya mwaka wa pili. Nimekubali.

Mulale vizuri, Prof. Nawashukuru, hata kama barua hii haionekani hivyo. Wanafunzi hao nitawafundisha kama mulivyonifundisha mimi, nitawaingiza mtoni na viatu vyao. Ila kungoja kwenu sitakufuata. Atakayekosa nitamwambia siku ile ile, usoni, akiwa bado na nafasi ya kunikasirikia, na mimi bado niko hai kumjibu.

Mwanafunzi wenu,
Bernadette